Mbwa wa nyumba akishika mimba ya kwanza: kila mtoto awe na mlango wake



Nyumba nyingi za Kasugho zina mbwa. Usiku analinda mbuzi na kuku, anatujulisha mtu akifika uani, na watoto wanamwita kwa jina kama mmoja wao. Lakini siku anaposhika mimba, wengi tunaacha mambo yaende yenyewe. Tunasema: mbwa anajua kuzaa. Ni kweli, mara nyingi anajua. Jambo asilolijua ni nani atakayewalea watoto wake sita au saba wakiisha kuacha ziwa. Kazi ile ni yetu, na inafaa ianze mbele hawajazaliwa.

Kwetu nyumbani tuko na mbwa jike, jina lake Tutaona, anayengojea kuzaa mara ya kwanza. Tuliketi na wamama wa kikundi, tukapanga mambo yanayohitajika. Haya ndiyo tuliyopanga, yapate kumsaidia kila mwenye mbwa kama huyu.

Kuhesabu siku

Mimba ya mbwa inachukua siku 63 hivi, ni kusema majuma 9. Wengine wanazaa siku ya 58, wengine wanafika 68. Ukimwona mbwa wako pamoja na dume, andika tarehe ile kwenye kaye. Sisi tulitia alama kwenye kalenda ya ukutani, na kila asubuhi watoto wanafuta siku moja. Hesabu ya kugawanya iliyokuwa inawasumbua darasani sasa wanaifanya wenyewe: 63 kwa 7 ni 9.

Kama hukuiona siku ya dume, tazama mwili wake. Toka juma la tano tumbo linaanza kuonekana na chuchu zinakua. Karibu na kuzaa, maziwa yanaweza kuanza kutoka.

Wenye mbwa wadogo wajue neno moja zaidi. Mbwa jike anaweza kuona damu ya kwanza akiwa na miezi 6 tu, naye mwenyewe bado anakua. Damu ile ikija, afungiwe nyumbani majuma matatu, hata madume yakilia uani usiku kucha. Sisi wamama tunajua mimba ya mapema inavyouchosha mwili.

Chakula

Majuma sita ya kwanza mbwa anakula kama desturi yake. Majuma matatu ya mwisho mwongeze kidogo kidogo, umgawie mara tatu au nne kwa siku, maana tumbo limejaa watoto na chakula kingi hakipati nafasi. Akiwa ananyonyesha, anaweza kuhitaji mara mbili au hata mara tatu ya chakula cha zamani. Maji safi yasikose karibu naye.

Bugali peke yake haitoshi. Changanya na maharagi yaliyopondwa, ndagala, au yai likipatikana. Usitie vitunguu, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano na kutoboa tumbo. Wala dawa zetu za nyumbani, hata paracetamol, asipewe. Dawa ya minyoo kwa mbwa mwenye mimba ni veterinere anayeichagua.

Kitanda cha kuzalia

Milima yetu ina baridi, na mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo hawezi kujipasha joto mwenyewe. Baridi ya usiku mmoja inaweza kumwua. Tafuta sanduku la mbao au katoni kubwa, pande zake ziwe ndefu kiasi cha kuwazuia watoto wasitoke, mama yao aweze kuruka. Liweke pembeni, pasipo upepo wala moshi, si pale watu wanapopita kila wakati. Tandika vikwembe vizee vilivyofuliwa, na uweke vingine vya kubadilisha. Mzoeshe mbwa mahali pale juma moja au mawili mbele ya siku yake, asije kujichagulia shimo shambani.

Usiku wa baridi sana, jaza chupa maji ya moto, uifunge vizuri, uizungushie kikwembe na kuiweka upande mmoja wa sanduku, ili watoto waweze kuisogelea au kuikimbia. Babula yenye makaa usiiache ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa inaua watu, na mbwa pia.

Siku yenyewe

Siku ikikaribia, mbwa anakataa chakula, anachimbachimba kitandani, anahema. Kila mtoto anatoka ndani ya mfuko wake. Mama anaupasua kwa meno, anamlamba mtoto mpaka apumue, anakata kitovu. Abaki mtu mzima mmoja anayemjua, wengine wote watoke, watoto kwanza.

Mbwa wa mimba ya kwanza anaweza kushangaa na kumwacha mtoto ndani ya mfuko. Dakika moja au mbili zikipita, nawa mikono kwa sabuni, pasua mfuko kuanzia puani, panguza mdomo, msugue mtoto kwa kitambaa kikavu mpaka alie. Kitovu kikibaki, kifunge kwa uzi uliochemshwa, vidole viwili toka tumboni, ukate mbele ya fundo kwa wembe mpya. Kisha umweke mtoto kwenye ziwa. Maziwa ya siku ya kwanza ndiyo yanayompa nguvu ya kupigana na magonjwa, kama kwa watoto wetu.

Kati ya mtoto mmoja na mwingine inaweza kupita nusu saa, saa moja, au hata saa mbili mama akipumzika. Lakini mwite veterinere bila kungoja ukiona mambo haya: anasukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna mtoto, saa mbili zimepita na wengine wangali tumboni, maji ya kijani yanatoka na mtoto wa kwanza hajatoka, damu nyingi, au mama ametetemeka na kukakamaa mwili, hata kama ni majuma baada ya kuzaa. Usimvute mtoto kwa nguvu. Namba ya veterinere iandikwe mapema, na simu iwe na uniti.

Watoto wetu na watoto wa mbwa

Macho ya watoto wa mbwa yanafunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Mpaka majuma matatu yapite, nyumbani kwetu tumeweka sheria: hakuna mtoto anayekwenda penye sanduku bila mtu mzima. Mbwa mpole kuliko wote anaweza kuuma akiona watoto wake wanaguswa. Hana ubaya, ni mama.

Jambo la pili ni minyoo. Watoto wa mbwa wanaweza kuzaliwa nayo toka tumboni mwa mama, wengine wanaipata kwa maziwa. Mayai ya minyoo yanatoka na mavi, yanabaki udongoni, na mtoto anayecheza pale anayapeleka mdomoni. Kwa hiyo mavi yazikwe kila siku, mikono inawiwe kwa sabuni, na watoto wa mbwa waanze dawa ya minyoo wakifika majuma mawili, kwa kipimo cha veterinere.

La tatu ndilo kubwa: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiri kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba katika watu 10 wanaoumwa na mnyama anayedhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikiisha kuanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbele ya dalili, chanjo inaokoa.

Tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja wa Alsace alifika Paris na mtoto wake, Joseph Meister, wa miaka 9, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Louis Pasteur alikubali ajaribiwe chanjo yake mpya. Mtoto alipewa sindano 13 na hakuugua. Mama yule hakungoja kuona kama mtoto atapata homa. Alifunga safari. Hata sisi mtoto akiumwa tufanye hivyo: kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, na kwenda kwa muganga wa hospitali siku ileile. Jiwe jeusi, majani na mafuta haviui ugonjwa huu. Ni vizuri kuuliza toka leo, kwenye kituo chako cha afya, chanjo ya watu inapatikana wapi, kuliko kuuliza huku mtoto analia mgongoni.

Mbwa naye ana chanjo yake. Inafaa apewe mbele ya kushika mimba. Kama hukuifanya, zungumza na veterinere. Watoto wa mbwa wanachanjwa wakifika miezi mitatu, lakini timu ya chanjo ikipita kijijini, peleka mbwa wote, hata wadogo.

Mlango wa kila mtoto

Sasa tufike pale tulipoanzia: wataenda wapi? Desturi tunaijua. Madume yanaombwa haraka, majike yanabaki. Yakibaki, yanatupwa porini au sokoni. Yale yasiyokufa yanakula takataka, hayana chanjo, na yanazaa tena mwaka ujao. Mbwa anayeuma mtoto njiani kwenda masomo alikuwa siku moja mtoto asiye na mlango. Wengine wanaingia msituni upande wa Tayna, wanakimbiza wanyama na kupeleka magonjwa kule, wakati hapa kwetu Kasugho kuna kituo cha GRACE kinacholea sokwe yatima.

Ndiyo sababu tulianza orodha Tutaona alipokuwa na majuma matano ya mimba. Anayeomba mtoto wa mbwa anaandikwa, na anakubali mambo matatu: atamchukua akiwa amemaliza majuma 8 na mama yake, si mbele, atamchanja, na kama ni jike, atamfungia siku za damu. Tunaomba tena jibu la mama wa nyumba ile. Baba ndiye anayeomba mbwa, lakini mama ndiye atakayempikia. Asipokubali yeye, mbwa yule hatakula.

Hatujui watazaliwa wangapi. Majina matano yamekwisha kuandikwa, mawili yamekubali jike. Wakizidi, tutawaweka wenyewe mpaka wapate mahali. Hatutatupa hata mmoja, na watoto wetu wamelisikia neno hilo.

Tukumbuke pia wakati tulio nao. Tumeona familia zilizokimbia tangu Kanyabayonga ilipochukuliwa mwisho wa Juni 2024, zikipanda kaskazini na godoro kichwani. Mama anayebeba mtoto mgongoni hawezi kubeba watoto saba wa mbwa. Lakini kamba ya mama mbwa na kikapu kimoja vikikaa karibu na mlango, na mtu mmoja wa nyumba akijua kwamba kazi ile ni yake, kuna tumaini kwamba hawataachwa wamefungwa ndani bila chakula.

Chanjo ya mbwa mmoja ni mzigo kwa mama mmoja. Kwa kikundi ni neno jingine. Sisi tumekubaliana kutoa kitu kidogo kwenye likirimba kila juma, mpaka tuweze kumwita veterinere mara moja kwa mbwa wote wa wanachama. Vikundi vingine vikipenda, tufanye pamoja: veterinere akipanda siku moja kwa mbwa arobaini, ni afadhali kuliko kupanda mara arobaini.

Kwenye mkutano unaokuja, kila mama alete hesabu ya mbwa wa nyumba yake, majike na madume, na aseme kama wamechanjwa. Mwenye jike mwenye mimba alete na tarehe. Orodha ya milango tutaifungua palepale.