Fortingall: Kijiji cha Mti Mkongwe

Kila Jumapili katika Kanuni ya Imani walitaja jina la Ponsyo Pilato. Je, wajua kwamba milimani kwa Waskoti kuna kijiji ambacho wenyeji husimulia kuwa Pilato alizaliwa kwao? Kijiji hicho chaitwa Fortingall, karibu na bonde la Glen Lyon. Ni kidogo mno: kanisa, hoteli, na nyumba chache.

Wasema baba yake alikuwa mjumbe wa Kirumi. Lakini ukipiga hesabu, hadithi haisimami. Pilato alitawala Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36, na majeshi ya Kirumi yalikuja kuiteka Uingereza mwaka 43 tu. Uskoti wakaingia baadaye zaidi. Sisi makarani wa parokia twayajua mambo hayo: asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, majirani humtafutia.

Tena kijiji hakina haja ya hadithi hiyo, kwani shahidi wa kweli yupo, amesimama uani mwa kanisa. Ni mti ambao Waingereza huuita yew, wenye majani membamba yasiyopukutika wakati wa baridi. Moyo wake umeoza zamani, hivyo pete za shina hazihesabiki. Lakini wataalamu wengi huukadiria miaka 2,000 hadi 3,000. Yamkini ulikuwa umekwisha ota siku ile Pilato aliponawa mikono.

Mwaka 1769 Bwana Daines Barrington aliupima shina, akapata mzingo wa futi 52. Shina lilikuwa limepasuka katikati, hata maiti waliokwenda kuzikwa wakipitishwa katika ufa ule. Walioudhuru si adui, ni wapenzi wake. Vijana waliwasha moto wa sikukuu penye mizizi. Wageni wakakata vipande wapate ukumbusho, na wengine wakachonga vikombe. Ndipo mwaka 1785 ukajengewa ukuta. Leo waonekana kama miti kadhaa midogo, kumbe ni mmoja.

Miti ya aina hii ni kama mipapai: kuna dume na jike. Huu ni dume, lakini mwaka 2015 tawi moja lilizaa matunda mekundu matatu! Wataalamu wenyewe walistaajabu.

Nje ya uwanja wa kanisa kuna kilima kiitwacho Kilima cha Wafu. Jiwe lake laeleza kwamba waliokufa kwa tauni katika karne ya 14 walizikwa hapo, wakiletwa kwa sileji iliyovutwa na farasi mweupe, akiongozwa na bibi kizee.

Nyumba zile za kuezekwa kwa nyasi zilijengwa kwa fedha za Sir Donald Currie, tajiri wa meli za Castle. Kampuni yake, iliyoungana na Union mwaka 1900, ndiyo ambayo meli zake zilitia nanga Mombasa na Dar es Salaam miaka mingi.

Kanisani palikuwa pia na kengele ya mkono, ya chuma, ya karne ya 7. Mwaka 2017 mwizi aliichukua.

Na mti je? Ukuta upo, na bado wageni huingiza mikono na kuvunja matawi. Kwa hiyo vipandikizi vyake vimepelekwa Edinburgh, katika Bustani ya Kifalme ya Mimea, vikapandwa pamoja na vile vya miti mingine mikongwe.