Chakula cha Mzazi na Uzito Wake Katika Miezi ya Kunyonyesha

Mwanamke aliyejifungua, ambaye katika miji ya pwani huitwa mzazi kwa muda wote wa arobaini, hulishwa kwa sababu mbili ambazo kwa kawaida husemwa kana kwamba ni moja: apate nguvu, na maziwa yatoke. Sababu ya kwanza ni ya kweli kabisa, na jamii zinazomwandalia supu ya kuku, uji wa pilipili manga au, kwa Wachaga wa Kilimanjaro, mtori wa ndizi na nyama, humtendea haki. Sababu ya pili ina ukweli mdogo zaidi, na kutotenganishwa kwake na ile ya kwanza huzaa makosa mawili yanayopingana, kwani mzazi hushindiliwa wanga na sukari kwa hofu ya maziwa kukauka, kisha miezi michache baadaye, nguo zinapomkataa, hujinyima chakula ghafla ili arudi alivyokuwa.

Wingi wa maziwa hutawaliwa kwanza na unyonyaji wa mtoto. Mtoto anapovuta ziwa, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, humwaga katika damu homoni mbili, yaani kemikali zinazobeba ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine: prolaktini, ambayo huamuru seli za matiti zitengeneze maziwa, na oksitosini, ambayo huminya vijifuko vya maziwa ili yatoke. Ziwa likiachwa limejaa kwa saa nyingi, utengenezaji hupungua wenyewe, na likinyonywa mara kwa mara, usiku na mchana, huongezeka. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba maziwa hayatoshi anapaswa kuangaliwa kwanza namna anavyompakata mtoto, jinsi mtoto anavyolishika ziwa na idadi ya mara anazonyonyesha, kabla ya kuongezewa bakuli jingine la uji. Kunywa maji kupita kiu nako hakuongezi maziwa. Kinachotakiwa ni kuwa na maji karibu kila anyonyeshapo, kwa kuwa kiu huja yenyewe.

Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulitoka Keneba, kijiji cha Gambia, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliwapa chakula cha nyongeza wanawake wanaonyonyesha ambao kwa kawaida walikula kidogo mno huku wakifanya kazi nzito za shamba. Kiasi cha maziwa yao hakikuongezeka, ila afya ya akina mama wenyewe ilipata nafuu. Maana yake ni nzito kuliko inavyoonekana kwa haraka, kwani inaonyesha kwamba mwili wa mama humlinda mtoto kwa kujikata wenyewe, na kwamba mama mwenye njaa anaweza kumnyonyesha mtoto akanenepa huku yeye akidhoofika bila mtu wa nyumbani kutambua. Chakula cha mzazi, basi, ni stahili yake mwenyewe kabla ya kuwa njia ya kumlisha mwanawe.

Ulinzi huo, hata hivyo, haukamiliki. Virutubisho vya maziwa hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza, ambamo mna kalsiamu, madini ya chuma, zinki na folati, hubaki karibu kiwango kilekile hata mama akila vibaya, kwa sababu akiba yake ndiyo inayochotwa. Mifupa, kwa mfano, hupoteza sehemu ya kalsiamu wakati wa kunyonyesha na kwa kawaida huirudisha baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Kundi la pili, lenye vitamini A, vitamini kadhaa za jamii ya B, madini joto yaitwayo pia ayodini, na baadhi ya asidi za mafuta zinazojenga ubongo, hufuata sahani ya mama moja kwa moja: zikipungua kwake, hupungua katika maziwa. Mfano wa kuogofya ni upungufu wa vitamini B1 kwa akina mama wanaoishi karibu kwa mchele uliokobolewa peke yake, kama ilivyowahi kutokea sana katika nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, ambako watoto wachanga walionyonyeshwa vizuri walipatwa na beriberi, ugonjwa unaoushambulia moyo na kuweza kuua kwa muda mfupi.

Hapa ndipo ubora wa chakula unapozidi wingi wake. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao hutoa protini, kalsiamu, vitamini B12 na yale mafuta ya ubongo kwa bei ambayo nyama haiwezi kushindana nayo. Maharage, kunde na choroko hutoa folati na chuma, na chuma hicho hufyonzwa vyema zaidi mlo ukiambatana na chungwa, embe au ndimu, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzwaji wake, kwa hiyo inafaa ingojee saa moja au zaidi. Ini, mayai, mchicha, kisamvu, matembele, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mawese mekundu huleta vitamini A au malighafi yake, na chumvi yenye madini joto huziba pengo la ayodini. Mama asiyekula kabisa chochote kinachotokana na mnyama hana budi kupata vitamini B12 kwa njia ya dawa. Vidonge vya chuma na folati alivyopewa kliniki visiachwe siku ya kujifungua, bali viendelezwe kwa muda atakaoelekezwa, hasa kama alipoteza damu nyingi. Udongo unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, ambao baadhi ya wanawake huendelea kuutafuna hata baada ya ujauzito, hauongezi damu; huweza kuzuia chuma kufyonzwa na kubeba mayai ya minyoo.

Miiko inayomkataza mzazi maharage, mboga za majani au samaki ili mtoto asisokotwe na tumbo inastahili kuachwa, kwa sababu gesi ya utumbo wa mama haiingii katika maziwa. Kinachopita ni ladha, na ladha za aina nyingi hazimdhuru mtoto. Pombe hupita, nayo ni bora kuepukwa. Kahawa hupita kidogo, na kikombe kimoja au viwili kwa siku kwa kawaida havina tatizo.

Ama kuhusu uzito, hesabu yake huanzia mimba. Mwanamke aliyeongezeka kilo 12.5, ambao ndio mfano unaotumiwa sana vitabuni, hubeba takriban kilo 3.4 za mtoto, kilo moja na nusu hivi za kondo na maji ya uzazi, na nyingine za damu, maji ya mwili na viungo vilivyotanuka. Mafuta hasa ni kama kilo 3.5 tu. Mtoto, kondo na maji ya uzazi huondoka siku ya kujifungua, maji ya mwili hupungua katika wiki zinazofuata, na mfuko wa uzazi, ambao mara baada ya kujifungua huwa na uzito wa karibu kilo moja, husinyaa hadi chini ya gramu 100 ndani ya wiki 6, ukisaidiwa na oksitosini ile ile inayotoa maziwa. Mkaja, yaani kitambaa kirefu cha kufungia tumbo, humpa mzazi hisia ya kushikwa kiuno, na usipokazwa mno hauna ubaya. Lakini hauyeyushi mafuta, na tumbo la wiki ya pili lisihesabiwe kuwa unene.

Mafuta hayo ya kilo 3.5 yaliwekwa kwa kusudi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee hunywa wastani wa mililita 750 hadi 800 kwa siku, na kuyatengeneza humgharimu mama zaidi ya kilokalori 600. Kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Kwa mama mwenye lishe nzuri, kilokalori 150 hivi kati ya hizo zinaweza kutoka katika akiba, na zinazobaki, karibu 500, zinapaswa kutoka mezani, wakati mama aliyeanza akiwa mwembamba hana akiba ya kukopa na anahitaji kula zaidi. Kilokalori 500 ni ugali wa gramu 100 za unga wa dona pamoja na bakuli dogo la maharage. Pia ni vijiko 10 vikubwa vya sukari, kiasi ambacho mzazi hukifikia bila kujua pale anapopewa uji mtamu, chai tamu na soda kutwa nzima, naye akawa amelipia nguvu bila kupata kirutubisho kingine chochote.

Ndiyo maana dai kwamba kunyonyesha hupunguza unene halitimii kwa kila mama, kwa kuwa njaa nayo huongezeka na nafasi ya kutembea hupungua. Anayetaka kupungua asubiri kwanza maziwa yatulie na mwili upone, kwa kawaida baada ya wiki 6, na zaidi kidogo kwa aliyefanyiwa upasuaji, kisha apungue taratibu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliwafuatilia wanawake 40 wenye uzito uliozidi, wote wakinyonyesha, ambapo kundi moja lilipunguza kilokalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi kwa wiki 10. Walipungua takriban nusu kilo kwa wiki, na watoto wao wakakua sawa na wa kundi lililoendelea na maisha ya kawaida. Njia ya karibu kwa mama wa hapa ni kupunguza sukari ya uji, maandazi na soda, kulifanya tui jepesi zaidi na kijiko cha mafuta kupimwa, huku dagaa, kunde, mboga na matunda vikibaki au kuongezwa, pamoja na kutembea nusu saa mtoto akiwa mgongoni. Dawa za kupunguza unene, chai za kuharisha na mifungo ya kujitesa hazina nafasi katika miezi hii.

Mama anayepungua haraka ingawa anakula vizuri, hasa kama moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakohoa kwa wiki 2 au zaidi, au anatoka jasho jingi usiku, asipongezwe kwa wembamba wake bali apelekwe hospitali kupimwa kifua kikuu na tezi ya shingo, ambayo kwa baadhi ya wanawake huvimba na kuvurugika katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua.