Kujenga Shahamu ya Binadamu Maabarani

Katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ambako malaria huwasumbua watu na mbung'o huwasumbua wafugaji, ni nadra shahamu kutajwa pale maradhi hayo yanapojadiliwa. Tishu hiyo ya mafuta, iliyo chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya tumboni, ilichukuliwa kwa miaka mingi kuwa ghala la nishati tu, mpaka mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipobaini leptini, homoni inayotoka katika seli za mafuta kuuarifu ubongo kiasi cha akiba iliyomo mwilini. Mwaka 2016 watafiti wa Lisbon, wakiongozwa na Luísa Figueiredo, walionesha kwa kutumia panya kwamba vimelea vya Trypanosoma brucei, ambavyo huenezwa na mbung'o na ambavyo ndugu zao husababisha nagana kwa ng'ombe, hujikusanya kwa wingi katika shahamu na kubadili mfumo wao wa kujilisha ili watumie mafuta yaliyomo.

Panya, hata hivyo, si binadamu, na shahamu ya binadamu haikubali kwa urahisi kuishi nje ya mwili. Seli ya mafuta iliyokomaa imejaa tone moja kubwa linalokisukuma kiini pembeni, kwa hiyo ikitiwa katika kimiminiko cha kulishia seli hupanda juu kama mafuta juu ya mchuzi, na isipopata pa kujishikiza hufa. Wajapani walipata hila katika miaka ya 1980: waliijaza chupa pomoni ili seli zinazoelea zinate kwenye dari yake. Hila hiyo ilifaa, ila seli zilizolala juu ya sehemu bapa hupoteza mafuta yake taratibu, zikanyooka na kurudia hali ya seli changa, jambo linalomfanya mtafiti apime kitu kingine kabisa huku akidhani anapima shahamu.

Ndipo umbo la pande tatu lilipohitajika. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, David Kaplan na wenzake hutumia hariri ya viwavi, ambayo huyeyushwa na kugandishwa upya kuwa kiunzi chenye matundu kama sifongo, kisha hupandwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukomaa kuwa za mafuta, pamoja na seli za kuta za mishipa ya damu. Mishipa hiyo si pambo. Oksijeni hupenya ndani ya tishu kwa takriban sehemu mbili za kumi za milimita tu, hivyo pande lolote nene lisilo na njia za kupitishia hewa na chakula huoza katikati, na hapo ndipo mifano mingi hukwama.

Swali linalogusa Korogwe moja kwa moja ni la dawa. Lumefantrini, sehemu ya dawa mseto ya malaria ya ALu iliyochukua nafasi ya dawa ya awali, SP, nchini Tanzania kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, ndiyo maana mgonjwa huelekezwa aimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta; namna inavyohifadhiwa na kuachiliwa na shahamu ya mtoto aliyekonda haiwezi kuchunguzwa ipasavyo kwa seli zilizotandazwa bapa.

Wala mji huo si mgeni wa sayansi, kwani kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo hapo kilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Malighafi nayo ipo: vipande vya shahamu hukatwa katika upasuaji wa kawaida, na kwa ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili vingeweza kutumika. Ugumu uko kwenye saa, maana seli zilizokomaa hupasuka zikigandishwa na lazima zitumiwe zikiwa mbichi, karibu na chumba cha upasuaji. Seli shina ni stahimilivu zaidi. Zikishatenganishwa kwa kimeng'enya kiyeyushacho nyuzi za tishu, huweza kukaa miaka katika naitrojeni kimiminika, alimradi ugavi wa naitrojeni yenyewe usikatike.