Masomo ya Askari Wenye Vilema na Mayatima wa Vita

Katika vijiji vyetu vingi wako watu ambao babu zao walikwenda vitani katika nchi za Uhabeshi na Bama. Wengine walirudi bila mguu au mkono, na wengine hawakurudi kabisa. Basi swali hili si geni kwetu: mtu akiumia au akifa katika utumishi wa nchi yake, je, nchi hiyo huwiwa nini naye, na huwiwa nini na watoto wake? Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi nchi ya Marekani ilivyolijibu swali hilo kwa njia ya elimu, na mahali jibu lake lilipopungua.

Jambo hili lilianza baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Mwaka wa 1918 ilitungwa sheria ya kuwafundisha kazi askari waliojeruhiwa, ili waweze kujipatia riziki tena. Lakini wenzao wengi waliorudi wazima hawakupata msaada wa namna hiyo. Mwaka wa 1932, shida ilipozidi nchini, maelfu ya askari wa zamani walikwenda Washington kuomba walipwe mapema fedha waliyoahidiwa. Hawakulipwa, bali walifukuzwa na askari wa jeshi lile lile walilolitumikia. Aibu hiyo haikusahauliwa.

Kwa hiyo, vita vya pili vilipokuwa bado vinapiganwa, wakuu wa Marekani walijiweka tayari. Mwaka wa 1943 ilipitishwa sheria ya mafunzo ya askari waliopata vilema, na tarehe 22 Juni, 1944, Rais Roosevelt akatia sahihi sheria kubwa iliyowahusu askari wote. Kwa sheria hiyo serikali ililipa karo na vitabu hata dola 500 kwa mwaka, tena ikampa mwanafunzi posho ya kila mwezi, naye mwenye kutegemewa na jamaa akapata zaidi. Hata kufika mwaka wa 1956, askari wa zamani wapatao 7,800,000 walikuwa wamejifunza kwa msaada huo, na kati yao 2,200,000 walisoma katika vyuo vya elimu ya juu.

Tutoe mfano wa mtu mmoja. Daniel Inouye alizaliwa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, na wazee wake walikuwa wa asili ya Kijapani. Alitamani kuwa daktari wa kupasua. Mwezi wa Aprili, 1945, alipokuwa na umri wa miaka 20, alipoteza mkono wake wa kuume vitani Italia, na tamaa ile ikafa hapo. Lakini sheria ya 1944 ilimpeleka Chuo Kikuu cha Hawaii, na kisha akajifunza sheria Washington. Mwaka wa 1963 aliingia katika Baraza la Senate, akakaa humo mpaka kufa kwake mwaka wa 2012. Mkono haukurudi, ila mlango mwingine ulifunguliwa. Wala hakuupewa kwa huruma, bali ulikuwa haki yake.

Lakini sheria ile ya 1944 ilimwangalia askari mwenyewe, na marehemu hawezi kwenda chuoni. Watoto wake je? Mwaka wa 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya masomo ya mayatima wa vita. Mwaka wa 1964 iliongezwa ili iwafikie watoto wa askari walio hai waliopata kilema kisichopona kabisa, na mwaka wa 1968 wakaongezwa wajane na wake zao. Msaada huo ungaliko, nao ni fedha ya kila mwezi anayopewa mwanafunzi mwenyewe.

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka wa 2009, nao huitwa kwa jina la John D. Fry, askari wa majini aliyeuawa Iraq mwaka wa 2006 akiharibu mabomu, akaacha mke na watoto watatu. Huu ni wa watoto wa askari waliokufa kazini tangu tarehe 11 Septemba, 2001, na baadaye wenzi wao pia wakaongezwa. Hulipa karo yote ya mwenyeji katika chuo cha serikali kwa muda wa miezi 36, tena fedha ya makao, na ya vitabu hata dola 1,000 kwa mwaka. Mjane mwenye haki katika milango yote miwili hana budi kuchagua mmoja, wala akishachagua hawezi kugeuza. Kwa hiyo yampasa kuuliza na kupiga hesabu kabla ya kutia sahihi.

Sasa tuseme mahali jibu lilipopungua. Sheria ya 1944 haikutaja rangi ya mtu, lakini kazi ya kuitimiza iliachwa mikononi mwa wakubwa wa kila mahali. Katika majimbo ya Kusini vyuo vikuu vya watu weupe havikumpokea mtu mweusi, na vyuo vichache vya watu weusi vikajaa hata maelfu wakarudishwa mlangoni. Askari hao walikuwa wamemwaga damu ile ile na kushika cheti kile kile. Hapo twajifunza kwamba sheria njema iliyoandikwa karatasini ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili imo mkononi mwa mtu aketiye mezani na kuipokea karatasi ya mjane.

Wasomaji wasidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Tangu mwaka wa 2009 hata 2016 jeshi la Marekani liliandikisha wageni wenye kujua lugha zilizohitajiwa, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Basi huenda mzee fulani kijijini ana mtoto aliyelitumikia jeshi lile, au mkwe aliyefiwa. Kuomba msaada huu hakulipiwi kitu, lakini hutaka ushahidi: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa kwa mtoto, cheti cha kifo, na barua za jeshi. Ndoa isiyoandikwa na mtoto asiyeandikishwa huleta taabu kubwa siku ya msiba.

Kwa hiyo twawasihi machifu, wazee na walimu: mjane akija na bahasha asiyoweza kuisoma, msimwambie arudi kesho. Isomeni pamoja naye, mweleze maana yake, na kumsaidia kuijibu. Marehemu amekwisha lipa sehemu yake. Iliyobaki ni deni, na deni hilo hulipwa kwa mtoto wake.