Kuona Sanamu, si Foto Yake Tu



Mu vitabu vingi muko foto ya kiti cha mufalme wa Baluba: mwanamuke amepiga magoti, anabeba kiti ku kichwa na ku vidole vyake. Wengi wetu tunasema, «Nilisha kukiona.» Hapana, tuliona karatasi.

Foto inakamata upande moja tu. Lakini fundi alichonga kipande kizima cha muti, alikigeuza huku na huku. Mara nyingi nywele za ule mwanamuke zimesukwa nyuma kama musalaba. Mwenye kuangalia uso tu hazione kabisa. Chale za tumbo na mugongo zimeinuka juu ya muti, na kivuli chao kinabadilika ukitembea. Mu foto ni mistari tu. Tena foto haionyeshe ukubwa: unazania kiti ni kirefu kama muntu, kumbe kinafika ku magoti.

Tuangalie na lukasa, kibao chenye shanga. Watu wa Mbudye walikishika mu mukono wa kushoto, kidole cha kuume kinapita ku shanga, na huku wanasimulia habari za wafalme. Kibao kile kilisomwa na kidole. Ku foto, kidole kinagusa nini?

Wengine watauliza: sisi Wakristo, tunatafuta nini ku sanamu? Amri ya Mungu inakataza kuinamia sanamu na kuiabudu. Sisi hatuendi kuinama, tunaenda kujifunza kazi na akili ya wazee wetu.

Foto si kitu bure. Kazi za yule wanaita Fundi wa Buli, wa karne ya 19, ziko mbali, Tervuren kule Ubelgiji na New York. Mtoto wa Buli mwenyewe anazijua ku foto tu, na ile ni huzuni. Lakini sisi wa Likasi, Lubumbashi iko kilometre 120 hivi, na kule iko nyumba ya makumbusho, ile tunaita mize, tangu 1946.

Basi ukienda kule wakati wa mapumziko, uingie. Usiguse. Zunguka pole pole, chuchumaa, angalia mugongo. Kisha urudi ku foto ya kitabu: njo utajua ni nini inakosa.