Mpe mtoto njia ya kusema bila kujitaja

Je, mwanao huumwa na tumbo kila shule zinapokaribia kufunguliwa? Usikimbilie dawa ya minyoo. Katika kliniki yangu hapa Majengo, mjini Meru, huwaona watoto wa namna hii kila muhula. Kichwa huwauma, usingizi hupotea, na baadhi hurudia kukojoa kitandani. Nikipima choo na damu, mara nyingi sioni ugonjwa.

Mmoja wao, mvulana wa kidato cha pili aliyepewa ruhusa ya kuja hospitali, alingoja mama yake atoke nje ndipo akaninong'oneza: "Daktari, kuna petroli imefichwa bwenini kwetu. Nikisema, watajua ni mimi." Hofu ndiyo iliyokuwa ikimuuma. Kwa idhini yake na ya mama yake, nilimpigia simu mwalimu mkuu bila kumtaja mtoto. Jioni hiyo mtungi ulipatikana.

Sisi wa Meru tunajua mambo kama haya huishia wapi. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya St. Kizito, Tigania, wavulana waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walifariki na 71 wakabakwa. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi.

Maovu kama haya ni nadra kutokea bila fununu. Nchini Marekani, uchunguzi wa mashambulizi 37 ya shuleni uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa katika visa 81 kwa kila 100, angalau mtu mmoja alijua mapema. Mara nyingi alikuwa mwanafunzi. Ndiyo sababu jimbo la Colorado, lililopoteza wanafunzi 12 na mwalimu mmoja katika shule ya Columbine mwaka 1999, lilianzisha huduma ya kupokea habari za hatari bila kuuliza jina.

Shule zetu nyingi zina sanduku la maoni, lakini mara nyingi lina vumbi tu. Utamlaumuje mtoto ikiwa limetundikwa mbele ya dirisha la naibu wa mwalimu mkuu, ambaye pia ndiye mwenye ufunguo?

Mzazi, katika mkutano ujao wa shule, omba mambo haya:

Kwanza, sanduku liwekwe mahali ambapo kila mwanafunzi hupita na hakuna anayesimama kuchungulia, kama njia ya maktaba.

Pili, liwe na kufuli mbili na lifunguliwe kila siku na watu wawili wanaoaminika, kwa mfano mwalimu mshauri na mfanyakazi asiyehusika na adhabu.

Tatu, mwandishi asitafutwe kwa kulinganisha miandiko. Siku atakapojulikana mmoja, wengine wote watanyamaza.

Nne, kila habari ichunguzwe kimya kimya kabla ya mtu kuadhibiwa, kwa maana wapo watakaoandika uongo kwa chuki.

Tano, wanafunzi waone matokeo. Asiyejibiwa mara mbili hataandika mara ya tatu.

Hatari ikiwa ya leo usiku, karatasi haitoshi. Mtoto au mzazi apige simu 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, au 999 kwa polisi.

Nyumbani nako kuna kazi. Usimuulize mtoto nani mbaya shuleni. Muulize: "Kuna mahali shuleni unapoogopa kupita?" Kisha nyamaza umsikilize. Akikuambia jambo, usikimbilie kumtaja ofisini. Kubalianeni kwanza jinsi habari itakavyofika.

Mvulana wangu alirudi shuleni siku ya pili. Sikumwandikia dawa yoyote, na muhula uliofuata hakuja kliniki.