Gemu ya mtandaoni hainogi bila watu

Pita Ujiji jioni ukute watu wanacheza bao. Wachezaji ni wawili tu. Waliobaki wanatazama, wanacheka, wanabishana kuhusu kete ambazo si zao. Sasa watazame vijana wa Mwanga walioinamia simu wakicheza Free Fire. Utadhani kila mmoja yuko kivyake, mpaka uwasikie: "Njoo uniinue, niko nyuma ya nyumba! We, usinikimbie!"

Kelele hizo zina sababu. Mechi ya kawaida ya Free Fire huwashusha wachezaji hadi 50 kisiwani, na kikosi kina watu wanne. Ukiangushwa na mwenzako bado yupo hai, unatambaa huku uhai unapungua, unamngoja aje akuinue. Yaani gemu imetengenezwa ili umhitaji mtu.

Je, lazima mpige soga? Hapana. Mwaka 2006 Nicolas Ducheneaut na wenzake walichapisha utafiti kuhusu World of Warcraft: wachezaji walitumia muda mwingi wakicheza peke yao, ila wamezungukwa na watu. Wale wengine walikuwa hadhira, walifanya mahali pachangamke. Kama watazamaji wa bao, sivyo?

Mwaka huohuo Constance Steinkuehler na Dmitri Williams walizifananisha gemu hizi na kijiwe: mahali ambapo si nyumbani wala kazini. Waliona zinajenga zaidi ufahamiano mpana kuliko urafiki wa kina. Usiudharau ufahamiano huo. Mwaka 1973 Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi huja kupitia watu tunaofahamiana nao kidogo, kwa kuwa rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Kwa mtu wa Kigoma hili lina uzito: Kiswahili kinasemwa Bujumbura, Uvira na Kalemie pia, na maiki haiulizi pasipoti.

Tatizo ni matusi. Anayekutukana kwenye bao mtakutana kesho sokoni, na wazee wameshasikia. Kwenye gemu jina ni la kujipachika, mechi ikiisha kapotea. Kwa hiyo wapo wanaozima maiki, hasa wasichana, maana sauti yao ikisikika tu maneno huanza. Wakishazima, hata yule jirani wa ng'ambo ya ziwa hatawasikia.